Pilipili za Ndoo na Hasira Zangu

Nimestaafu bila kuulizwa. Daktari aliyenishona ngiri aliniambia nisiinue tena kitu kizito kuliko birika la chai, na kabla hajafika mlangoni Saida alikuwa ameniinamia kitandani akisema, "Basi babu, ndoo umezimaliza." Ilhali kazi yangu yote ilikuwa ndoo. Ni sawa na kumwambia kinyozi aendelee na kazi, ila asiguse kichwa cha mtu.

Saida na wenzake wawili ndio wanaoendesha hoteli aliyoiacha nyanya yake hapa steji ya Garsen, pale mabasi ya Lamu na Malindi yanaposimama watu wale. Pilipili inayokaa mezani ndani ya chupa ilitoka nyumbani kwangu tangu nilipokuwa na meno yote. Sasa miche inatunzwa na wao. Wameniomba niwaachie maelezo ya kazi. Saida alitaka nizungumze anirekodi kwenye simu, nikakataa, kwa sababu kila nikifungua mdomo mke wangu Rehema husimama nyuma yangu kunisahihisha. Kwa hiyo nimeandika. Nilifika fomu foo, na ningependa ile elimu inifae hata mara moja kabla sijafa.

Kwanza nitoe lililo kifuani. Mtu akiniuliza nilikuwa na kazi gani nikamjibu pilipili, hucheka, kisha hungoja nitaje kazi yenyewe. Eti pilipili hujiotea. Eti ndege hula, akanya chini ya mwarobaini, mvua ikanyesha, ukavuna. Ni kweli ndege hufanya hivyo. Sasa muulize huyo ndege akujazie chupa za meza zote kila siku ya Mungu, masika na kiangazi, katika jua hili la Garsen ambalo hata mbwa hulikimbia, akihama kivuli hadi kivuli. Mtu wa shamba la mpunga huonekana akienda shambani. Mchungaji hupotea mbugani na kurudi na vumbi la kuthibitisha. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa nyumbani, na nimeifanya kwa bidii kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini majirani wakipita wakanikuta nimechuchumaa mbele ya ndoo husema, "Bado umepumzika tu, mzee?" Nimepumzika. Mgongo wangu ndio shahidi.

Nilikuja Garsen kutoka Ndera nikiwa kijana niliyemaliza sekondari, na somo nililolipasi vizuri kuliko yote lilikuwa Kiswahili. Nalitaja hili mapema ili mwone lilivyonisaidia. Nyumbani tulisema Kipokomo. Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, kimepigwa pasi, kila ngeli mahali pake. Bi Zuhura, nyanya yake Saida, alikuwa mtu wa Kipini. Alinichukua nimchotee maji ya hoteli. Asubuhi ya kwanza nimesimama karibu na meza za wateja, sijui mikono yangu niiweke wapi, nikasikia anaita kutoka nyuma ya jiko:

"Ndoo."

Nikatafuta ndoo, nikampelekea. Akaitazama, akanitazama, akasema, "Weka tini." Nikaweka chini. Nikarudi mbele. Haukupita muda, nikasikia tena, "Ndoo, mwanangu." Nikampelekea ya pili. Mara hii alifungua mdomo akaufunga, nami nikajisifu moyoni kwamba mama huyu ameshangazwa na wepesi wangu. Aliendelea kuita, nikaendelea kupeleka. Kabla ya adhuhuri ndoo zote za hoteli zilikuwa zimepangwa mstari nyuma ya jiko kama wanafunzi wa gwaride, na huku mbele wateja wameinua mikono hawana maji ya kunawa.

Akaja mbele mwenyewe, mkono kiunoni. "Mwanangu, nakwita uye, waniletea ndoo. Nakwita tena uye, waniletea nyingine. Una nini na ndoo?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa watu wa Kipini na Lamu, njia ni ndia, njaa ni ndaa, na njoo ni ndoo. Dereva mmoja wa basi alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Kuanzia siku hiyo jina langu steji likawa Bwana Ndoo, na mtu aliyelifuatisha mpaka nyumbani ni Rehema, ambaye wakati huo alikuwa akiuza mahamri mlango wa pili. Nilimwoa nikidhani ataliacha.

Bi Zuhura hakucheka. Katika zile ndoo alichagua moja yenye ufa chini, isiyoshika maji, akanisukumia kwa mguu. "Hino umeileta mwenyewe, utaitumia mwenyewe." Kando ya mfereji wa maji ya vyombo kulikuwa na mche wa pilipili kichaa, mdogo kama kidole. Akanionyesha namna ya kuung'oa na udongo wake bila kuvunja mizizi, akaupanda ndani ya ndoo ile. Ndivyo nilivyoingia kazini. Wengine huajiriwa kwa kujua kitu. Mimi niliajiriwa kwa kutokujua neno.

Sasa mambo ya kazi, na nawaomba msome polepole, maana nimeyasema kwa mdomo mkawa mnaitikia "sawa, mzee" huku macho yako kwenye simu.

Udongo wa mtoni peke yake haufai. Najua ni mweusi na unapendeza, najua migomba inaupenda. Ndani ya ndoo hugeuka tofali. Uchanganywe na mchanga, na makapi ya mpunga, na samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka haina harufu. Samadi ikinuka, bado ina moto, itaunguza mizizi. Chini ya ndoo toboa matundu kwa msumari uliopashwa, tandika vigae vya chungu kilichovunjika, ndipo utie udongo. Wapo wanaosema matundu yanapoteza maji. Hao wapande mpunga.

Maji ni ya mto, si ya kisima. Maji ya visima vyetu yana chumvi. Utaona ukingo wa ndoo unaota unga mweupe, majani yanakauka ncha, na wewe unazidi kumwagilia ukidhani mche una kiu. Una kiu kweli, kwa sababu unaunywesha bahari. Na kabla ya kumwagilia, ingiza kidole kwenye udongo. Kikitoka na tope, ondoka. Kikitoka kikavu, mwagilia shinani, asubuhi, usilowanishe majani. Bi Zuhura aliniambia, "Pilipili hataki kubembelezwa. Akipata mai kila saa ataota majani mapana, umtazame afurahi, wala hakuzalii kitu." Alikuwa akizungumzia mche, ingawa alikuwa akimtazama mume wa jirani.

Mche ukifika urefu wa kiganja, kata ncha. Najua inauma. Mara ya kwanza nilizunguka ndoo na kisu kama mtu anayetaka kumtahiri mtoto wa mwenzake. Lakini usipokata, utakwenda juu mwembamba kama mlingoti, na upepo utaulaza. Ukikata, unatoa matawi, na kila tawi lina maua. Msimu ukiisha kata tena, karibu na shina, paka jivu penye kidonda. Utachipuka. Mpilipili ukitunzwa huishi miaka, si kama mnyanya ambao hufa kwa kutazamwa vibaya.

Vidukari wakija chini ya majani, osha kwa maji ya sabuni, au chemsha majani ya mwarobaini unyunyize yakishapoa. Majani yakijikunja ngumi, pindua utazame kama kuna vile vijinzi vyeupe, na mche huo utenge na wenzake siku hiyo hiyo, usingoje kuuhurumia.

Na jambo la mwisho la Bi Zuhura, ambalo mnalidharau: pilipili haipewi mtu mkononi. Unaiweka chini, mwenzako anaiokota, msije mkagombana. Mimi na Saida tumeifuata desturi hii bila kuivunja hata mara moja, na tunagombana kila siku. Sijui tungekuwa wapi tusingeifuata.

Kesi ngumu zilikuwepo. Abiria walikuwa kesi. Huyu anashuka basi, anataka wenzake wamwone dume, anamimina nusu chupa juu ya wali, kisha anajifuta macho kwa mkono ule ule na kuanza kupiga kelele kwamba tumeweka sumu. Tumeweka pilipili, kaka. Imeandikwa kwenye chupa, na mwandiko ni wangu. Mmoja alinifuata hadi uani huku jicho limefumba akitaka kumwona mwenye kosa. Nikamwonyesha ndoo. Akaitukana ndoo vizuri sana, kisha akaomba maziwa.

Lakini iliyonikaa ni ya Galgalo. Wakati huo nilikuwa nimeshahamishia ndoo nyumbani kwangu, upande wa chini unaoelekea mtoni, kwa sababu uani kwa Bi Zuhura palijaa. Karibu na pilipili kichaa nilikuwa nimejaribu pilipili mbuzi, zile nene zenye harufu. Siku moja nimerudi kutoka hotelini nikakuta mbuzi wamesimama katikati ya ndoo wakitafuna bila haraka, na miche imebaki vijiti. Kichaa waliacha. Mbuzi walimaliza.

Nilikwenda kwa mwenye mbuzi nikiwa nimevimba. Galgalo ni Muorma, tumelingana umri, boma lake liko nje kidogo ya mji. Nilisimama mlangoni nikatoa hotuba ya fomu foo, yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniletea kiti, akaniletea maziwa, kisha akauliza:

"Hiyo mti walikula, jina yake nani?"

"Pilipili mbuzi."

"Sema tena."

"Pilipili mbuzi."

"Sasa mbuzi amekula ya kwake. Wewe nakasirikia nini?"

Nilinywa yale maziwa kwa hasira. Nilitafuta jibu njia nzima ya kurudi nyumbani na bado nalitafuta. Kesho yake alikuja na punda amebeba samadi ya miaka mingi, nyeusi, haina harufu, akaimwaga uani kwangu, akasema, "Hii ni ya ng'ombe. Jina yake samadi ng'ombe. Usimpe mbuzi." Tangu siku hiyo sijawahi kukosa samadi, wala kukosa kukumbushwa.

Bi Zuhura alipochoka na magoti, aliamua kurudi Kipini kwa watu wake. Hoteli alimwachia binti yake, mamake Saida. Mimi aliniita. "Ndoo," akasema, na nikaenda, nikiwa na ndoo mkononi, maana kufikia hapo nilikuwa nikifanya makusudi ili acheke. Hakuwahi kucheka, isipokuwa siku hiyo. Tulikuwa mbele ya ule mpilipili wa kwanza, au tuseme mtoto wa mtoto wake, kwa sababu kila mmoja ulipozeeka tulipanda mbegu yake katika ndoo ile ile yenye ufa. Akaweka kiganja kwenye ukingo.

"Mti huno usinifie," akasema. "Ukifa, pilipili ya meza yangu imekufa. Wataweka ya duka."

Nikamwambia hautakufa. Ni rahisi kusema.

Mtu asiyekula atauliza ni pilipili gani hiyo ya kufanyiwa ahadi. Ni kichaa, ila haifanani na kichaa wengine. Ukiila mwanzoni unadhani umedanganywa. Inangoja. Kisha inaanzia nyuma ya masikio, inashuka shingoni, na ukishatoa jasho inakwenda zake bila kuacha uchungu. Wazee wa Lamu wakishuka basi wakaonja chupa, huuliza Bi Zuhura yuko wapi. Yeye amekwisha zikwa Kipini, Mungu amrehemu, na bado wanamwulizia kwa sababu ya chupa.

Ndiyo maana mwaka huu wa kustaafu kwangu umekuwa mwaka wa hasira, na sasa nayasema kwa majina yake.

Nikiwa hospitali, Saida na wenzake walimwagilia ndoo zangu asubuhi na jioni, kwa maji ya kisima, eti mto uko mbali. Nilipotoka nikakuta unga mweupe kila ukingo na miche inanyauka mstari mzima. Nikauliza ni nani aliyewafundisha. Mmoja wao akaniambia kwa upole, "Mzee, tumeangalia kwenye simu, wanasema mmea unahitaji maji." Nikamwambia hata mimi nahitaji maji, lakini ukinimwagilia asubuhi na jioni nimelala nitakufa.

Hilo ningelisamehe, maana mbegu zilikuwepo. Nilikuwa nimechagua pilipili zilizoiva vizuri, nyekundu mpaka kikonyo kinalegea, nikaziacha kwenye ungo zikaukie kivulini. Kivulini, niliandika kwa chaki ukutani. Wakaona zinachelewa. Wakazianika juu ya mabati, katika jua letu hili. Mbegu zilikauka siku hiyo hiyo, zikapendeza, zikalia kama mchanga ukizitikisa, na zilipopandwa hakuna hata moja iliyonyanyua kichwa. Zilikuwa zimepikwa.

Basi wakanunua mbegu ya pakiti. Pilipili zake ni ndefu, zinang'aa, mtu anaweza kuzivaa kama hereni. Zinawasha ncha ya ulimi papo hapo, kama mtu anayekutukana kabla hamjajuana, na hapo hapo zimeishiwa. Mzee mmoja wa Lamu alionja, akafunika chupa, akaomba ndimu.

Kwa hiyo ulibaki mmoja, ule wa ndoo yenye ufa, juu ya kichanja nyuma ya jiko letu, ambako Rehema ndiye aliyekuwa akiutilia maji ya mto kwa kikombe, na aliwakataza wote wasiusogelee. Ulikuwa na pilipili changa, za kijani, mbegu zake bado maji. Nilikuwa nahesabu siku za kuiva kwake kama mtu anayengoja mjukuu. Zikishaiva tutapanda, nikamwambia Saida, na utazianika kivulini hata kama ni mpaka Krismasi.

Ndipo mto ukaja.

Mto wetu hauvamii. Watu wa Hola, huko juu yatokako maji, hupiga simu kusema yamepanda, nasi tunaanza kufunga vitu, na bado kuna wanaosema hayafiki. Yalifika. Watu wa upande wetu wa chini tukahamia kwenye tuta la barabara, na mimi nilipelekwa wa kwanza, nimebebwa kwenye kiti na vijana wa jirani kama bibi harusi, huku nikiwaeleza kwamba naweza kutembea. Wakaniweka juu ya godoro kando ya Rehema. Kutoka pale niliona ua wetu wote, maji yamefika magotini, na Saida na wenzake wakitoa vitu vya mwisho: masufuria, gunia la unga, redio. Kichanja kilikuwa nyuma ya jiko, na jiko letu lilikuwa la udongo. Niliona maji yanalamba ukuta.

Nikasimama. Nikaonyesha kwa mkono, nikapaza sauti.

"Ndoo."

Saida akageuka.

"Ndoo, Saida. Ndoo."

Aliacha redio mikononi mwa mwenzake. Akakusanya leso yake juu ya magoti, akaja, anakata maji kwa mapaja, anateleza, anainuka, anakuja kwa kasi ambayo sijawahi kumwona nayo hotelini hata mabasi mawili yakifika pamoja. Mimi nazidi kuonyesha kichanja na kuita ndoo, na kila nikiita anaongeza mwendo. Akapanda tuta akihema.

"Nishakuya, babu. Una nini?"

"Ndoo."

"Ndimi huyu."

"Sikukuita wewe. Ndoo."

"Nimekuya, babu, nimekuya. Ni ngiri? Imefunguka?"

Ni Rehema aliyeelewa kwanza. Aliketi wima juu ya godoro. "Bwana Ndoo," akasema, "umezeeka na kosa lile lile, ila safari hii umelipindua. Mwambie mtoto Kiswahili."

Nikasema kwa ukamilifu, kama niko mtihanini: ile ndoo yenye ufa, yenye mpilipili wa nyanya yako, iliyo juu ya kichanja nyuma ya jiko. Saida akageuka kutazama, nasi sote tukatazama, na ukuta wa jiko ukakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama, juu ya kichanja.

Saida akashuka tuta. Alirudi. Nilimwona ameinama, maji kifuani, anapapasa chini ya matope kwa mikono miwili huku uso ameugeuzia juu. Wenzake walimvuta, akawatikisa. Alipoinuka alikuwa na ndoo. Akaitia kichwani akaja nayo, tope linamtiririka shingoni, akaiweka chini mbele yangu, hakunipa mkononi. Shina lilikuwa limevunjika shubiri moja kutoka kwenye udongo. Hakuna jani. Hakuna pilipili.

"Ungeleta ndoo kwanza," nikamwambia, "ningekushukuru."

"Nilidhani wafa," akasema.

Nikamjibu kwamba kufa kwangu hakuna haraka. Ilikuwa imekwisha nitoka, na Rehema akaniangalia kwa namna iliyonikataza kuongeza.

Tulikaa chini ya turubai mpaka maji yakashuka. Nilitangaza kwamba mti umekufa na pilipili ya Bi Zuhura imekwisha, wakaweke ya duka. Nilitangaza mara nyingi, kwa yeyote aliyepita. Galgalo alikuja kunijulia hali, akakitazama kile kijiti, akauliza kama hii pia ni mbuzi, na kwa mara ya kwanza hakupata hata tabasamu kwangu.

Saida hakubishana. Aliilaza ndoo ubavu ili maji yatoke. Alikata ncha iliyovunjika kwa kisu, kwa mshazari, akapaka jivu. Aliihamishia kivulini. Kila asubuhi aliingiza kidole kwenye udongo, akakitazama, akaondoka bila kumwagilia. Nilikuwa nikimtazama kwa pembe ya jicho. Sikuwahi kudhani amenisikia. Miaka yote ile ya "sawa, babu" nilidhani naongea na ukuta, tena ule ukuta wa jiko.

Tumerudi nyumbani. Jiko sasa ni la mabati, na ndani yake mtu anaweza kukausha mbegu bila kuomba jua. Ndoo ya ufa Saida aliiweka chini ya mwarobaini, kwenye matofali. Mimi nilikuwa siendi upande huo. Nilikuwa nimeketi mlangoni nachambua mchele wa Rehema, kazi nyepesi kuliko birika la chai, nikasikia sauti kutoka nyuma ya nyumba. Haikuwa kubwa.

"Ndoo."

Nilisimama. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye ndoo ya maji iliyo kando ya mlango kabla sijamkumbuka daktari. Nikaiacha. Nikazunguka nyumba.

Saida alikuwa amechuchumaa. Kwenye shina lile, chini kidogo ya mahali palipopakwa jivu, palikuwa na kitu cha kijani, kidogo kama punje ya mtama. Upande wa pili palikuwa na kingine. Nikainama kadiri daktari alivyoruhusu. Nikaingiza kidole kwenye udongo, nikamwambia ameumwagia maji mengi mno. Kidole kilitoka kikavu, naye alikiona.

Akatazama mikono yangu.

"Leo hukuleta ndoo, babu."

"Umeniita nije," nikamwambia. "Nimekuja."